Mwaka Nilioazima Mama wa Fidelis

Mwezi wa tatu mwaka huu nilisoma taarifa ya kifo changu nikiwa Tunduma, nimekaa juu ya debe tupu nikisubiri lori letu limalize kukaguliwa. Ilikuja kwenye kundi la WhatsApp la tuliosoma pamoja kidato cha tano na cha sita. Mmoja wetu aliyeko Mpanda alikuwa amesikia tangazo redioni, akaandika: "Tumempoteza mwenzetu Fidelis Kasogela, amefariki nyumbani kwake Kabungu. Mazishi kesho." Chini yake zikafuata picha za mishumaa na mikono ya kusali, na watu ambao hatujaonana tangu tulipofunga masanduku bwenini wakaanza kunisifu. Mmoja alisema nilikuwa mpole. Mwingine alikumbuka nilivyomfundisha baiolojia hadi akafaulu, jambo ambalo mimi silikumbuki kabisa. Niliwaacha waendelee kwa kama nusu saa, sijui kwa nini. Labda kwa sababu si kila mtu anapata nafasi ya kuyasoma hayo. Kisha nikaandika: "Ndugu zangu, mimi niko hai. Aliyefariki ni mwenye jina." Hakuna aliyeelewa. Nikazima simu, nikamwambia dereva aendelee bila mimi, nikapanda basi la Sumbawanga.

Nilifika Kabungu wakiwa wameshazika. Skola, mjane wake, alikuwa amekaa kwenye mkeka na wanawake wenzake, kichwa kimefungwa kitenge, na aliponiona hakulia. Alisema tu, "Umechelewa, shemeji."

"Barabara, shemeji."

"Wewe tangu nikujue ni barabara." Akamgeukia mama mmoja aliyekuwa ananitazama kwa mashaka, akamwambia, "Huyu ni wajina wake marehemu." Yule mama akanipa mkono, akanipa pole, akasema hakujua kama kijijini kuna Fidelis mwingine. Skola akatazama pembeni. Tulikuwa tumebaki wawili tu tuliojua jinsi ujina ule ulivyopatikana, na tangu siku hiyo nimekuwa nikiufikiria mwaka ule mmoja kuliko miaka mingine yote niliyozurura.

Inabidi nieleze habari ya jina kwanza. Nilibatizwa Gaspari Mbalamwezi. Kwa jina hilo nilifanya mtihani wa darasa la saba na sikuchaguliwa, kama wasivyochaguliwa karibu wote siku hizo. Kurudia darasa ilikuwa marufuku, lakini shule nyingi za kwetu zilikuwa na njia yake. Kwenye daftari la mahudhurio yalibaki majina ya watoto waliohama au kuacha, ambayo hayakufutwa. Mwalimu mkuu aliniita ofisini, akateremsha kalamu taratibu kwenye orodha, akasimama, akasema, "Kuanzia leo ukisikia Fidelis Kasogela, unaitika." Fidelis alikuwa mtoto wa darasa la sita, wazazi wake wakahamia Kabungu kufuata mashamba. Nilikuwa nimecheza naye mpira mara mbili tatu. Nikaitika. Nikaitika mwaka mzima, nikafanya mtihani tena, nikafaulu, na vyeti vyangu vyote vya sekondari, kidato cha nne na cha sita, vikaandikwa Fidelis Kasogela. Hatukuona kama ni wizi. Wengine watatu darasani kwetu walifanya hivyo hivyo. Jina lilikuwa limekaa bure, na mimi nilikuwa na shida nalo.

Mwaka ninaousema ndio ule niliomaliza kidato cha sita. Nilipanga chumba mtaa wa Ilembo, Mpanda mjini, kwa Mama Zuhura, mjane aliyepika maandazi. Chumba kilikuwa na dirisha moja lililotazama shamba la mihogo la jirani, kitanda cha kamba, na stuli ambayo ndiyo ilikuwa meza. Ukutani mpangaji aliyenitangulia alikuwa amebandika kurasa za gazeti kuziba nyufa, na nilizisoma mpaka nikajua kwa moyo bei za saruji za mwaka ambao sikuwepo mjini. Asubuhi harufu ya mafuta ya Mama Zuhura iliniamsha, naye akanipitishia maandazi mawili yaliyoungua pembeni, yale ambayo wateja hawayataki, pamoja na chai ya rangi yenye tangawizi nyingi. Nimekula hoteli nyingi tangu hapo, katika miji ambayo siwezi hata kuipanga kwa mfuatano, lakini nikiulizwa nilipata wapi kifungua kinywa kizuri, nasema ni yale maandazi yaliyoungua.

Barua ilifika kupitia shule. Mwalimu wetu wa baiolojia alikuwa ametuma majina ya wanafunzi wachache kwenye chuo kikuu kimoja cha kilimo huko Ulaya, na chuo kikakubali mmoja, mimi. Wangelipa kila kitu, hata nauli ya ndege. Ndani ya bahasha kulikuwa na fomu ya kuomba viza ya mwanafunzi, kurasa sita, na orodha ya nyaraka: pasipoti, cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule, picha mbili zenye mandhari nyeupe. Niliijaza kwa penseli kwanza, juu ya ile stuli, nikifuta na kuandika upya hadi karatasi ikaanza kuwa nyembamba. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na kisanduku kilichouliza majina mengine yote niliyowahi kutumia. Hicho nilikiruka.

Habari zilienea Ilembo kabla sijamwambia mtu. Kupitia ukuta nilimsikia Mama Zuhura na jirani yake wakinizungumza huku wakichambua mchele.

"Huyu mpangaji wako Fidelis, eti anakwenda Ulaya?"

"Anakwenda. Kusomea kilimo."

"Kilimo? Si angebaki hapa amsaidie baba yangu palizi."

"Kule wanalima na mashine, weye. Mtu anakaa juu kama yuko kwenye gari."

"Na kula je? Nasikia wanakula majani mabichi, hata hawayapiki."

"Fidelis atakula tu. Yule hata maandazi ya kuungua anakula."

Wakacheka, na mimi nikacheka kitandani, nikiwa nimejifunika mdomo wasinisikie. Nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tena. Ninaporudi nyuma naona ilikuwa furaha ya mtu anayeitwa kwa jina la mwenzake na wala halimsumbui.

Tatizo lilianza bomani. Karani wa vizazi na vifo alikuwa Bwana Sitta, mtu wa Tabora, mnene, mwenye utani mwingi na mhuri aliokuwa akiupuliza kwa mdomo kabla ya kugonga. Aliniuliza nimezaliwa hospitali gani. Nikamwambia nyumbani.

"Nyie wote mmezaliwa nyumbani," alisema. "Sijui hospitali tuliwajengea akina nani. Haya, lete mama yako. Aje na kadi ya ubatizo na shahidi mmoja mtu mzima."

"Mama lazima?"

"Sasa aliyekuzaa ni nani, mimi? Na sikiliza, kijana. Mtu anazaliwa mara moja tu kwenye kitabu changu. Nikishaandika nimeandika. Akija mwingine kesho na jina hili hili na mama huyu huyu, huyo ndiye mwongo, namkabidhi kwa polisi."

Nilitoka pale nikakaa kwenye ngazi za boma mpaka jua likanifikia. Ningeweza kula kiapo mahakamani kwamba Gaspari na Fidelis ni mtu mmoja, lakini hawakuwa mtu mmoja, na yeyote ambaye angefuatilia angefika kwa mwalimu mkuu aliyekuwa karibu kustaafu, na vyeti vyangu vingefutwa. Bila vyeti hakuna chuo. Mama yangu hakuweza kuja kusema amemzaa Fidelis Kasogela. Aliyeweza kusema hivyo alikuwa mmoja tu duniani, na alikuwa Kabungu. Siku mbili baadaye nikaazima baiskeli.

Nilimkuta Fidelis anakandika kihenge cha mahindi kwa udongo, mikono imejaa matope hadi kwenye viwiko. Alinitazama, akaniuliza natoka wapi, nikamwambia, na jina ninaloitwa huko. Akasimama kidogo, kisha akaanza kucheka, akaita kuelekea jikoni: "Mama, njoo uone. Mimi nimekuja."

Mama yake alitoka akijifuta mikono kwenye khanga. Nikamwamkia, "Shikamoo mama," akaitikia "Marahaba, baba," bila kujua mimi ni nani. Fidelis alipomweleza, alisema, "Kumbe ndiye wewe." Nikajua wamewahi kunizungumza. Tukala ugali na mgebuka, samaki wa Ziwa Tanganyika, aliyekaushwa na kuchemshwa na karanga, na wakati wa kula Fidelis akanisimulia jambo ambalo sikuwa nalijua. Mwaka ule matokeo ya darasa la saba yalipobandikwa, mtu mmoja alitoka Mpanda kuja mnadani akawaambia Fidelis amechaguliwa kwenda sekondari. Mama akachinja kuku. Baba yake, mzee Petro, ambaye sasa alikuwa marehemu, alikwenda Mpanda kwa miguu akiamini kuna muujiza au makosa. Mwalimu mkuu akamweleza taratibu. Mzee akarudi, akasema tu, "Siyo wewe," akachukua jembe.

"Nilifaulu nikiwa shambani," Fidelis alisema. "Na kuku tukamla."

Alisimulia akicheka, mama yake akacheka, mimi nikacheka kwa sababu wao walicheka. Msichana aliyekuwa kando anapura mpunga hakucheka. Huyo ndiye Skola, mchumba wake, aliyekuwa amekuja kumsaidia mama mkwe mtarajiwa. Ndoa yao ilikuwa ifungwe baada ya Pasaka ya mwaka uliofuata.

Nikaeleza shida yangu. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, lakini yalipotoka yalikuwa mafupi: nahitaji mama aje bomani aseme mimi ni mwanawe. Nikaeleza pia alivyosema karani, kwamba mtu anaandikwa mara moja tu. Hilo sikulificha, na mpaka leo ndilo jambo pekee la siku ile ambalo siogopi kulikumbuka.

Fidelis aliendelea kumega ugali. "Jina lenyewe limeshasoma hadi kidato cha sita," alisema. "Likibaki kwangu litafanya nini? Liende tu."

"Nikuulize, shemeji," Skola alisema, akiwa bado ameinamia mpunga. "Karani kasema mtu anazaliwa mara moja?"

"Ndiyo."

"Sasa mwanangu akitakiwa shuleni cheti cha baba yake, nitapeleka nini? Nitapeleka jembe?"

"Skola, mtoto mwenyewe hayupo bado," Fidelis alisema.

"Atakuwepo."

Mama akaingilia kati. Alisema mgeni ametoka mbali na baiskeli ya kuazima, na kama kazi yenyewe ni kusema tu, yeye atasema. Akaingia ndani, akarudi na kadi ya ubatizo aliyoifunga kwenye mfuko wa nailoni, akanikabidhi kwa mikono miwili. Skola alinyanyua ungo akaenda nyuma ya nyumba. Nilimsikia huko akipepeta kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Siku ya boma tulikwenda watatu. Mama alivaa gauni la kanisani, Fidelis alimbeba nyuma ya baiskeli yake, na mimi nikafuata. Fidelis alibaki nje kulinda baiskeli. Shahidi niliyepatana naye, kaka wa Mama Zuhura, hakutokea. Nikaona tutaanza tu, labda Bwana Sitta hatakumbuka.

Bwana Sitta alilaza kadi ya ubatizo kifudifudi, maana alitaka kusikia kinywani kwa mama, akafungua kitabu chake kikubwa. "Mama, shikamoo. Huyu ni mwanao?"

"Ni mwanangu."

"Anaitwa nani?"

"Fidelis."

"Fidelis nani?"

"Fidelis wa Petro."

"Petro nani?"

Mama akanyamaza. Bwana Sitta akasubiri, kalamu juu ya karatasi. Mimi sikuelewa kinachoendelea. Akamwuliza tena, jina la ukoo, jina la baba wa mumewe. Mama akainamisha uso, akasema, "Yule mzee."

"Mzee yupi? Mama, umezaa na mtu, jina la ukoo wake hulijui?" Bwana Sitta aliweka kalamu chini. Utani ulikuwa umekwisha usoni kwake. Alinitazama mimi, kisha yeye, kisha mimi. "Huyu mama umemtoa wapi?"

Kasogela lilikuwa jina la baba wa mzee Petro. Katika nyumba ile mke hataji jina la baba mkwe wake, awe hai au amekufa, na mama alikuwa ameishika adabu hiyo tangu alipoolewa. Mwenyewe aliniambia baadaye kwamba hata kanisani, padri akisoma jina la nia ya misa ya mzee, yeye huziba masikio kidogo kwa khanga. Kwa hiyo kile kilichothibitisha kuwa ni mke halali wa ukoo ule ndicho kilichomfanya karani aone ni mama wa kukodi. Na mimi, niliyelivaa jina hilo miaka minane, sikuwa na habari kwamba kuna mtu haruhusiwi kulitamka. Mtoto wa nyumba ile angejua. Angelitaja haraka ili mama asipate aibu. Mimi nilikaa tu.

Mlango ukasukumwa. Fidelis alikuwa amesikia kila kitu dirishani. Akasimama nyuma ya kiti cha mama yake, kofia mkononi. "Mama hawezi kulitaja, mzee. Ni jina la mkwe wake. Ni Kasogela."

Bwana Sitta akamtazama. "Na wewe ni nani kwao?"

Namkumbuka mama akianza kugeuza shingo kumtazama mwanawe, halafu akaiacha nusu. Namkumbuka Fidelis akitazama sakafu, mahali ambapo saruji ilikuwa imebanduka.

"Mimi ni jirani yao," alisema. "Naitwa Gaspari Mbalamwezi."

"Ndiye shahidi?"

"Ndiyo."

Bwana Sitta alipumua, akacheka kwa kuona ameeleweshwa, akasema angalau kuna mtu mwenye akili Kabungu. Akaandika. Mama akaweka dole gumba kwenye wino, kisha kwenye kitabu. Fidelis naye akaweka lake, mbele ya jina langu. Mhuri ukapulizwa, ukagongwa.

Kama yangeishia hapo, labda leo ningekuwa bwana kilimo fulani, ninastaafu, naandika kumbukumbu nyingine. Lakini tulikuwa na njaa. Tukaenda kwa mama lishe mmoja karibu na stendi, tukaagiza wali na maharage, na kabla hatujaletewa, Bwana Sitta naye akaingia, maana ilikuwa saa ya chakula cha mchana na watu wa boma walikula pale pale. Akaketi meza yetu kwa moyo mweupe kabisa.

"Habari tena, Gaspari," alimwambia Fidelis.

"Nzuri, mzee."

"Mama, huyu akienda Ulaya asikusahau."

"Hatanisahau," mama alisema.

Ndipo yakaletwa maji ya kunawa. Kwa kawaida mtoto ndiye angemnawisha mama yake, na macho ya karani yalikuwa juu yetu. Fidelis alikuwa ameshanyoosha mkono kuchukua jagi. Akaurudisha. Nikachukua mimi, nikamnawisha mama yake mbele yake, naye akangoja zamu ya jirani. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu wa nje kabisa, "Karibu chakula, Mama Fidelis." Alikula akiwa ameketi pembeni kidogo, kama mtu aliyealikwa kwa hisani. Bwana Sitta alizungumza muda wote kuhusu mvua. Mama alikula matonge mawili, akasema ameshiba. Tulipoondoka hakupanda baiskeli ya mwanawe mpaka tulipovuka reli, mahali ambapo mtu wa boma asingeweza kutuona.

Pasipoti niliifuatilia Sumbawanga, kwa sababu wakati huo Mpanda ilikuwa wilaya tu. Ilipotoka niliitazama picha yangu na jina lile chini yake, na kwa mara ya kwanza nikaona kama picha imebandikwa mahali pasipo pake. Nikapanda treni, siku mbili na zaidi hadi Dar es Salaam, nikalala kwa binamu wa Mama Zuhura, na asubuhi ya usaili nikafika ubalozini saa moja kabla ya wakati. Chumba cha kusubiri kilikuwa na baridi ya mashine na viti vya plastiki vilivyounganishwa. Jamaa mmoja mbele yangu alikuwa anakariri kwa kunong'ona jina la mto unaopita katika mji anaokwenda kusoma. Mwingine alikuwa ameazima koti lililomzidi, mikono imekunjwa mara mbili.

Dirishani alikuwa dada mmoja wa Kitanzania, mwenye miwani na sauti ya chini. Alipitia karatasi zangu moja moja, akazipanga upya vizuri kuliko nilivyozipanga mimi. Kisha akarudisha fomu upande wangu, kidole kimewekwa kwenye kile kisanduku.

"Kaka, hapa hujajaza. Kama hujatumia jina lingine, andika hakuna."

Akanipitishia kalamu. Ningependa kusema niliwaza mengi, kwamba nilipima chuo upande mmoja na dhamira upande mwingine. Haikuwa hivyo. Nilichokiona ni jagi la maji na mkono wa mtu ukirudi nyuma. Nikaandika Gaspari Mbalamwezi.

Alisoma. "Hili ni lako?"

"Ndiyo."

"Na hili la kwenye pasipoti?"

"La mwenzangu."

Aliangalia nyuma yake, kule alikokuwa amekaa bosi wake nyuma ya kioo kingine, akaniinamia karibu. "Kaka, mimi sijasikia. Nikupe fomu nyingine? Ninazo hapa."

Huyo dada nimemkumbuka maisha yangu yote. Hakunijua, na alikuwa tayari kuhatarisha kazi yake ili niende. Nilimshukuru, nikamwambia hapana, iwe hivyo hivyo. Akakaa ameishika fomu ile muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akaipeleka ndani. Nilisubiri hadi wa mto na wa koti wote wakaondoka. Karatasi zangu zilirudi na barua fupi: viza imekataliwa, utambulisho wa mwombaji haujathibitika.

Nilirudi na treni ile ile. Mwaka ulikuwa unaelekea mwisho wake, mpunga ulishavunwa zamani na mashamba yalikuwa yamechomwa. Kabungu niliwakuta wote watatu wanabangua karanga. Sikukaa. Nilimpa Skola cheti cha kuzaliwa, nikamwambia ni cha mume wake mtarajiwa, na kwamba kila mstari wake ni kweli: siku, mahali, baba, mama. Skola alimaliza darasa la saba na alikuwa msomaji mzuri. Alikisoma chote kimya, akakisoma tena, akakiweka chini ya khanga kifuani, akaniuliza kama nimekula.

Fidelis alikuwa ameelewa kabla sijaeleza. "Kwa hiyo huendi."

"Siendi."

"Umewaambia?"

"Nimewaambia."

Akaokota karanga moja, akaiminya, akaitupa bila kuila. "Kwa hiyo mimi nilimkana mama bure."

Nilikuwa nimetarajia, njia nzima kutoka Tabora, kwamba atafurahi. Alisimama, akachukua jembe ingawa ardhi ilikuwa kavu na hapakuwa na cha kulima, akaenda zake. Mama akasema, "Mwache, baba. Atarudi." Alirudi, lakini siyo siku ile, na hakunisemesha mpaka mavuno ya mwaka uliofuata, ndoa yao ikiwa imeshafungwa bila mimi. Tulikuja kuwa ndugu baadaye, taratibu, kwa kuitana wajina na kutaniana, hadi nikawa sipiti kwetu Katavi bila kufika kwake. Lakini kile alichosema siku ile hakukifuta kamwe, na mimi sikumwomba akifute. Alikuwa na haki. Ukweli wangu nilikuwa nimeuchelewesha hadi ukawa hauna faida kwa yeyote isipokuwa kwangu.

Nilipomrudishia Mama Zuhura ufunguo wa chumba, vyeti vya sekondari niliviacha kwenye sanduku lake na sikuvifuata tena. Ningeweza kupata navyo kazi, ualimu hata ukarani, kama ningekubali kuendelea kuitika. Watu huniuliza kwa nini mtu wa kidato cha sita amebeba mizigo, amevua samaki Karema, amechimba dhahabu, amekuwa utingo wa malori mpaka nywele zinaingia mvi. Huwa nasema napenda kutembea, na ni kweli napenda. Lakini nilianza kutembea kwa sababu nilitafuta mahali ambapo hawaulizi karatasi.

Mahali pa kwanza palikuwa stesheni ya Mpanda. Mabehewa yalikuwa yanapakiwa magunia ya mahindi ya kwenda Tabora, na nyapara wa makuli alikuwa amekaa juu ya mzani na daftari la shule, akiandika watu wa siku hiyo. Tulipanga mstari. Ilipofika zamu yangu hakuinua macho.

"Jina?"

Ilikuwa imepita miaka minane. Nililitafuta kama mtu anayepapasa swichi katika chumba alichowahi kulala zamani.

"Gaspari."

"Gaspari nani?"

"Mbalamwezi."

Akaandika Gaspa, akaacha hapo hapo, akanielekeza kwa kalamu behewa la tatu. Nikainama, wakaniwekea gunia mgongoni.